Nati Niliyoikaza Mwenyewe

Mwanangu Furaha,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuulizana hali. Mimi hali yako naijua. Umekula nusu sahani ya ugali ukasema umeshiba, kisha ukaenda kanisani kuaga wenzako wa kwaya, umevaa kile kitenge cha bluu ninachokukataza kila siku usikivae hovyo. Jua limeshaingia nyuma ya milima lakini hapa uani bado naona vizuri, na nina muda wa kutosha kabla hujarudi, maana kwaya yenu haijawahi kuimba wimbo mmoja wa kuagana ikatosheka.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, kulala ndani ya chandarua au kumjibu kwa adabu askari wa kizuizi. Wewe ndiye muuguzi, na vizuizi umevipita vingi kuliko mimi. Hata habari za kutunza baiskeli sitazipanga hapa moja mbili tatu, ingawa najua ndicho ulichokitarajia kutoka kwa fundi. Nataka kukuandikia habari za wivu wangu.

Ndiyo, wivu. Mtu mzima kama mimi, fundi anayejulikana kuanzia mtaa wetu wa Rugenge hadi Kiliba, namwonea wivu mkulima wa mpunga wa Luvungi ambaye hajanikosea hata siku moja. Kesho asubuhi mtu huyo anakuja kukuchukua, uende ukaanze kazi katika kituo cha afya cha kwao, ulale katika chumba alichokipiga lipu kwa mikono yake. Wewe unamwita Data, ambalo kwa Kirundi chao ndilo baba. Mimi unaniita Papa, kama vile watoto wa mtaa mzima wanavyomwita kila mwanamume aliyevaa suruali.

Ulivyofika kwake unajua, lakini umesimuliwa na Data mwenyewe na jirani yetu Mama Nyota. Kwangu hujawahi kuyasikia sawasawa, kwa sababu kila nikisimulia naanzia kwenye breki.

Wiki ile vita vya kwanza vilipoingia Uvira, Mzee Karoli, ambaye baadaye ulimwita Data, alikuwa ameleta mpunga mjini na baiskeli yake ilikuwa haina breki ya nyuma. Alikuja kwangu kama mteja yeyote. Nikamfungia breki mpya, nikamnyooshea na rimu. Kesho yake nikapakia ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwenye baiskeli yangu mwenyewe, nikaenda kuziuza Kamanyola. Wewe nilikuacha kwa Mama Nyota. Mama yako alikuwa ametutoka miaka mitatu kabla, na ulikuwa na miaka saba. Nikiwa huko huko Kamanyola, risasi zikaanza kulia huku. Mama Nyota alikuwa na watoto watano wa kwake na mikono miwili tu. Akamwona Mzee Karoli anapita mbio kurudi kwao, akamsimamisha, akakuweka kwenye karia na kukufunga kiunoni mwake kwa kitenge.

Hapo ndipo mimi husema: breki zilizokuokoa nilizifunga mimi. Nimelisema hilo kwenye harusi, nimelisema kwenye matanga, nimemwambia hata padri. Kila mara Data akiwepo huitikia, "Ni kweli, fundi, mafreni yako ilikuwa muzuri." Na kadiri anavyoitikia kwa upole ndivyo ninavyozidi kuchukia.

Ninachokiruka ni kinachofuata. Nilirudi kutoka Kamanyola kwa miguu, baiskeli nimeiacha huko huko, kwa kujificha, nikipita mashambani. Nilipita nyuma ya nyumba za Luvungi, na wewe ulikuwa ndani ya mojawapo, umelala, wala sikujua. Nilipofika Rugenge nikakuta milango wazi na mzee mmoja amekaa peke yake kibarazani. Akaniambia watoto wote wamepandishwa mitumbwi. Nikapanda mtumbwi na mimi, nikavuka mpaka Kigoma, nikakutafuta kambi kwa kambi. Mwaka mzima ulipita. Ndipo mchuuzi mmoja wa Luvungi akaniambia kwamba kwa Mzee Karoli yuko mtoto wa fundi wa Rugenge, mzima, na anasoma shule.

Nililia kwa furaha mbele ya watu. Halafu nikakaa kambini miaka miwili zaidi.

Usinitafutie sababu nzuri, nimeshazitafuta mwenyewe na sikuzipata. Mitumbwi ya kurudi ilikuwepo. Kuna waliorudi wakauawa, na kuna waliorudi wakaendelea na maisha yao. Mimi niliogopa. Nilijiambia mtoto yuko salama, anakula, anasoma, nikirudi nikafa nitakuwa nimemsaidia nini? Nikaendelea kutengeneza baiskeli za watumishi wa kambi, zile za mlimani, zenye matairi ya meno na gia nyingi, ambazo huku tunaziita VTT. Huko ndiko nilikojifunza. Mikono yangu ilijua kila waya na kila skrubu ya baiskeli za wageni, na meno yako ya utoto yalikuwa yanang'oka Luvungi mbele ya mtu mwingine.

Siku niliyofika kukuchukua, Data alikuwa anaanika mpunga. Ulikuwa na miaka kumi. Ulinitazama, ukaenda nyuma yake na kushika shati lake.

"Data, uyu ni nde?" ukauliza.

Kirundi changu ni kidogo, lakini hilo nililielewa: huyu ni nani. Naye akakujibu kwa Kiswahili, ili nami nisikie.

"Huyu njo papa yako. Njo alifungaka mafreni ya baiskeli yangu. Bila yeye hatungefika."

Unaona? Maneno ya breki alinipa yeye. Angeweza kukwambia huyu ni mtu aliyekuacha, na asingekuwa amesema uongo. Alinitafutia kitu cha kunifanya niwe mtu mbele ya mtoto wangu, na mimi nimekitumia kumpiga nacho tangu siku ile.

Ulilia njia nzima mpaka Uvira. Ulikuwa umekaa kwenye karia yangu, hukunishika kiuno, ulishika chuma cha kiti. Nilikuwa napiga pedeli huku nahisi ubaridi mgongoni, mahali ambapo mikono yako ilipaswa kuwa. Sijawahi kukwambia hilo, na ulikuwa mtoto, huna kosa.

Fremu ya VTT yako nilikuja nayo tupu kutoka Kigoma, imefungwa kwa gunia. Niliijenga polepole, leo gurudumu, mwezi ujao usukani, mpaka ulipotimiza miaka kumi na sita nikakupa. Rugenge nzima ilitoka kuiangalia. Na kila Jumamosi mchana, unakumbuka, tulikuwa tunaigeuza miguu juu hapa uani. Mimi nasugua mnyororo kwa brashi na mafuta ya taa, naukausha kwa kitambaa, natia tone moja moja la mafuta kwenye viungo vyake na kuyafuta yaliyobaki nje. Nazungusha gurudumu kusikiliza kama spoki imelegea. Naangalia mpira wa breki umebaki unene gani. Wewe umekaa kwenye kigoda unanisomea masomo yako ya uuguzi kwa sauti, mifupa yote ya mguu kwa Kifaransa. Zilikuwa saa nzuri kuliko zote nilizopata hapa duniani.

Lakini kila uliponyoosha mkono kuchukua spana nilikwambia, "Acha, utachafuka."

Nusu ya mafundi wa soko nimewafundisha mimi. Wewe sikukufundisha, na nilifanya makusudi. Nilijua kwamba ipo siku utaondoka. Nikajipigia hesabu kwamba asiyejua kurekebisha gia zake lazima arudi kwa anayejua, kila mwezi, kila Jumamosi. Nilitaka baiskeli ikulete kwangu hata siku ambazo moyo wako haukuleti.

Halafu ukaanza kwenda Luvungi kila likizo. Safari moja ukarudi mnyororo mzima umepakwa mawese, mwekundu, na vumbi la barabara ya bondeni limeganda juu yake mpaka gia hazionekani.

"Papa, sheni ilikuwa inalia," ulisema. "Data aliipakaka mawese kidogo."

Kidogo! Mawese yalikuwa yanatosha kupika sufuria nzima ya sombe. Watu wa bondeni wote hufanya hivyo, kwa sababu mawese yako jikoni na mafuta ya mashine hayako, na hawajui kwamba mawese yakikutana na vumbi yanasaga meno ya gia kama msasa. Mimi nilijua. Ningeweza kumwambia Data kwa upole, angenisikiliza. Badala yake nikaita majirani waje waone. Tulicheka mpaka Mama Nyota akakaa chini. Wewe hukucheka, na nilikuona hukucheka. Nilitumia mchana wote kukwangua mnyororo ule, na sijawahi kufanya kazi kwa raha namna ile.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Nimeinuka mara mbili kwenda kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Mwaka jana, siku unaondoka kwenda Luvungi kwa mafunzo ya vitendo, niliamua kwamba mkono wa mtu mwingine hautagusa baiskeli ile tena. Nikachukua spana yangu ndefu, nikavalisha bomba kwenye mpini wake kuongeza urefu, nikakaza nati za gurudumu la nyuma kwa uzito wa mwili wangu wote. Kila mteja namwambia kwamba nati ya gurudumu inakazwa kwa nguvu za mwenye baiskeli, isizidi, kwa sababu yeye ndiye atakayeifungua akiwa mbali na fundi. Namwambia kila mteja, na wewe mtoto wangu nikakufungia nati ambazo mimi tu ningeweza kuzifungua. Kisha nikakutilia mfukoni pampu, mpira mpya wa ndani, na spana fupi. Ile spana fupi nilikupa nikijua haitafungua kitu.

Kati ya Luberizi na Bwegera mpira ulipasuka kwenye vali. Hapo kiraka hakishiki. Lazima mpira ubadilishwe, na ili ubadilishwe lazima gurudumu litoke. Ulikuwa na kila kitu mkononi. Risasi zilikuwa zinalia upande wa milima na watu wa baiskeli na pikipiki walikuwa wanakupita mbio. Wenzako wawili walikusubiri, wakajaribu nati, wakashindwa, wakaenda. Ukakanyaga mpini wa spana kwa mguu, ikateleza na kukuchana juu ya kifundo. Kila aliyepita alikwambia uitupe baiskeli ukimbie. Ukaikokota mpaka ndani ya shamba la mihogo, ukalala chini kando yake, kwa sababu, uliniambia baadaye, "Papa, weye njo uliijenga, ningeiachaje?"

Waliokupita walipofika Luvungi wakamwambia Data wamekuona. Alikuwa shambani. Hakuomba baiskeli wala pikipiki, maana hakuna ambaye angempa. Alikuja kwa miguu, na jembe lake begani, akielekea kule ambako kila mtu alikuwa anatoka. Alikuita jina lako kando ya barabara mpaka ukaitika. Akaegemeza ncha ya jembe kwenye nati na kuipiga kwa jiwe mpaka ikazunguka. Mkabadilisha mpira mmelala kifudifudi. Ulifika kwake kabla giza halijaingia.

Uliporudi hapa ulisimama pale mlangoni, umefunga bandeji mguuni.

"Papa, usikasirike. Ile nati ilikatala kabisa. Data aliipigaka na jiwe."

Nilikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu. Niliona uzi wa ekseli umeharibika. Bandeji niliiona siku ya pili, nilipokukuta unaosha kidonda.

Na sikunyamaza. Ningenyamaza ingekuwa nusu ya ubaya. Data alipokuja sokoni kuuza mpunga nilimfuata mpaka alipopanga magunia yake, mbele ya wateja.

"Mzee, weye ulime mupunga," nilimwambia. "Velo ya mutoto wangu, usiiguse tena. Umeiharibu ekseli."

Mzee wa watu alivua kofia.

"Sawa, fundi," akasema. "Nilikosa. Minye siko fundi."

Alikosa! Mtu aliyetembea kwenye risasi kwa ajili ya mtoto wangu aliniomba msamaha kwa sababu ya uzi wa ekseli, na mimi nikaupokea msamaha ule, nikaondoka kifua mbele. Tangu siku hiyo hajaigusa. Wewe mwenyewe umeniambia kwamba ukiwa kwake, hata pampu hashiki, anasema, "Mungoje papa yako." Umedhani ni heshima tu. Ni mimi niliyemfunga mikono kwa uongo, na kesho nilikuwa nakutuma ukaishi kwake katika hali hiyo, wewe hujui kufungua, yeye anaogopa kugusa, na mimi niko mbali, nimeridhika kwamba bado ninahitajika.

Sikuandikii ili unionee huruma. Kama ungekufa kwenye shamba lile la mihogo, watu wangesema umeuawa na vita, na wangenipa mkono wa pole, na mimi peke yangu ningejua ni nani aliyekaza nati. Nalifikiria hilo nikiwa nanyoosha rimu za watu. Nalifikiria hata nikicheka.

Na usidhani kwa sababu nimeyaandika haya wivu umeniisha. Haujaisha. Naandika huku unanichoma. Nakiona kile chumba cha lipu mpya. Naona utakavyorudi kutoka kuchanja watoto wa milimani, umechoka, ukamsimulia yeye habari za siku nzima huku mkewe Mama Agata anakutengea chakula, na mimi huku Rugenge nitasikia habari zako baada ya wiki mbili, kutoka kwa dereva wa pikipiki. Utacheka jambo ambalo sitalijua. Inaniuma, Furaha. Nadhani itaendelea kuniuma mpaka nife, na sioni la kufanya zaidi ya kuhakikisha hainishiki tena mkono ninaposhika spana.

Kwa hiyo kesho hamtaondoka asubuhi kama mlivyopanga. Ukirudi kutoka kanisani utaona kwa nini. Baiskeli yako iko hapa uani juu ya magunia mawili, kipande kipande. Nimetoa magurudumu, mnyororo, breki, waya zote za gia, pedeli na usukani. Hata gololi za ekseli nimezitoa nikazisafisha, ziko ndani ya kikombe, usije ukanywea. Ekseli ya nyuma ni mpya. Sikufunga hata kitu kimoja.

Utaifunga wewe. Mimi nitakaa kwenye kigoda, mikono nimeikalia. Utachafuka, vaa nguo ya zamani. Ukiniuliza nitajibu, usiponiuliza nitafunga mdomo, na ukikosea nitakuacha ukosee, ufungue tena. Nati za magurudumu utazikaza kwa spana yako fupi, kwa nguvu za mkono wako huo huo mwembamba. Kisha utazifungua mbele yangu, na kuzikaza tena. Gia zitakusumbua, zinamsumbua kila mtu. Tukifika mchana, tufike mchana.

Najua utasema nakuchelewesha tu. Nakuchelewesha, ndiyo. Na hilo nalo ni wivu, lakini angalau hili halina madhara.

Data atafika utakapokuwa katikati ya kazi. Mpe kiti, umweke karibu na mimi, aone kila unachofanya, maana huko Luvungi mtakuwa wawili. Kisha nitamwambia nati ile niliikaza mimi, na kwa nini niliikaza. Nitamwambia mbele yako na mbele ya Mama Nyota, kwa kuwa sokoni nilimwaibisha mbele ya watu. Nimejaribu maneno hayo leo nikiwa peke yangu na kila mara yamenikwama. Ukiona nimeanza kuzungumza habari za mvua na bei ya mpunga, nikanyage mguu. Ukiona sijaelewa, nikanyage tena. Usiondoke hapa kabla sijasema.

Sasa nasikia mnarudi, mnaimba mpaka barabarani. Naiweka hii juu ya kitanda chako na mimi naingia chumbani. Usije kunigongea leo.

Ni mimi,
Papa yako